Nati ya Gurudumu la Mlima

Kila ninapobandika sufuria la maharage na kumimina mawese, kabla hata kitunguu hakijaingia, mimi nasikia harufu ya baiskeli. Wateja wangu hapa mgahawani Kasulu wanavuta pumzi na kusema chakula kinanukia. Mimi navuta pumzi namwona Baba amechuchumaa uani, chupa ya mawese mkononi, anadondoshea mnyororo tone moja moja. Oili ya dukani hakuitaka. Alisema mawese yanalisha watu, yatashindwaje kulisha chuma. Kwa hiyo baiskeli yetu ilikuwa na rangi ya mchuzi kuanzia pedali hadi nyuma, na jua likiwaka tulinuka barabara nzima. Mbwa walikuwa wanatufuata, na si kwa ubaya.

Ngoja niwaeleze vizuri hiyo baiskeli, maana msipoielewa hamtaelewa kwa nini nilimeza chuma.

Ilikuwa baiskeli nyeusi ya kawaida, yenye keria pana nyuma, ya gia moja. Ukiwa na gia moja huku kwetu milimani una kazi. Gia ya nyuma ikiwa ndogo, yenye meno machache, tambarare unapaa, lakini mlimani unagota na pedali hazisogei. Ikiwa kubwa, yenye meno mengi, mlima unapandika, lakini ukifika tambarare miguu inazunguka kama ya mtu aliyekanyaga siafu na baiskeli haiendi popote. Wanakijiji wote walikuwa wamechagua gia ndogo, na wakifika mlimani wanashuka wanasukuma. Baba alikataa kuchagua. Alitaka zote mbili.

Sasa, gia ya nyuma haitoki kirahisi njiani, inataka fundi na zana zake. Kwa hiyo Baba akawa na magurudumu mawili ya nyuma. La kwanza ni lile lililokuja na baiskeli, lenye gia ya meno kumi na sita. Hilo tuliliita gurudumu la tambarare. La pili alilitoa kwao Busunzu, kule Kibondo, kwenye baiskeli ya marehemu mjomba wake iliyokuwa imebaki mifupa, fundi akalifungia gia ya meno ishirini na mbili. Hilo lilikuwa gurudumu la mlima. Moja linakuwa kwenye baiskeli, jingine linabebwa. Tukifika chini ya mlima tunasimama, tunapindua baiskeli magurudumu juu, tunafungua hili, tunafunga lile. Tukifika kileleni tunasimama tena, tunapindua tena. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kubadilisha gia.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Baba akaitwa Mzee Gia, na jina hilo likakaa. Jirani yetu Melkiori, aliyekuwa anapeleka mikungu ya ndizi mjini, alikuwa anatukuta chini ya mlima tumepindua baiskeli, anatusalimu, anasukuma mzigo wake hadi juu, na sisi tukifika tunamkuta amekaa kwenye jiwe anamalizia ndizi ya pili. Baba hakujali. "Yeye amefika amechoka," aliniambia, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. "Mimi nimefika nimekaa."

Na mimi nilikuwa na cheo kwenye kazi hiyo. Nilikuwa na miaka minane, nakaa kwenye keria, na gurudumu lisilotumika nimelibeba mgongoni, limefungwa kwa kamba za mpira wa ndani wa baiskeli, spoku zinanichoma kisogoni. Wakati wa kubadilisha nilishika spana. Halafu nilitunza nati. Gurudumu la mlima lilikuja bila nati zake, na zile za mbele ni nyembamba, haziingii nyuma, kwa hiyo nati mbili zilihudumia magurudumu mawili. Ikipotea moja hatuna nyingine. Mfuko sikuwa nao, na ardhi ya kwetu ina nyasi na vijiwe. Nikazitunza mahali ambapo hazikuwahi kupotea hata siku moja: mdomoni.

Kazi yangu kubwa zaidi ilikuwa kuwa uzito.

Hapa lazima niseme habari za mguu. Nilizaliwa unyayo wangu wa kushoto umegeukia ndani. Hospitali ya misheni ya Kabanga ndiyo ilikuwa inaunyoosha, kidogo kidogo, mara wanaufunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, mara wanaufungua, na mara moja waliupasua. Nilikuwa natembea, lakini kwa kuchechemea, na kwenye mwinuko goti lilikuwa linalegea, nakaa chini bila kupenda. Watoto shuleni walikuwa na majina yao ya kuniita, mengine siyasemi.

Sasa, desturi ya barabara yetu ni kwamba abiria wa baiskeli akifika mlimani anashuka. Mke anashuka. Mama mkwe anashuka. Niliona mama mjamzito anashuka, anashika kiuno, anapanda kwa miguu. Mimi pekee sikushushwa. Nilipomuuliza Baba kwa nini, alijibu haraka, bila kufikiri: "Wewe ukishuka gurudumu linateleza. Gia ya mlima inataka uzito nyuma."

Niliamini kwa moyo wote. Nilienda shuleni nikatangaza kwamba Baba yangu hawezi kupanda mlima bila mimi. Mtoto akinicheka mguu nilimtazama kuanzia juu hadi chini, nikamwambia: "Wewe mwepesi tu. Ukikaa nyuma gurudumu litateleza."

Basi ikafika siku ya daktari wa mifupa. Huyo hakuwa wa Kabanga, alitoka mbali, alikuja kwa nadra, na tuliambiwa siku hiyo ataona wagonjwa hadi saa saba mchana kisha aondoke. Yeye ndiye angesema: mguu upasuliwe mara ya pili, au basi, umepona. Nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mama alifunga kanga mbili, sahani na kikombe, kwa sababu ukipasuliwa unalazwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo Baba hakula. Alizunguka magurudumu yake mawili uani, analizungusha hili, analizungusha lile, mpaka Mama akamwambia aache kuyasumbua, yote ni ya duara.

Tuliondoka mapema na gurudumu la tambarare. Kanga zilikuwa mbele kwenye usukani, mimi nyuma na gurudumu langu mgongoni. Melkiori alitupita na ndizi zake, akauliza leo tumechagua lipi. Baba akakanyaga tu, na hiyo haikuwa kawaida yake.

Tulipofika chini ya mlima tukapindua baiskeli. Baba akafungua nati ya kwanza, nikaipokea mdomoni. Akafungua ya pili, nikaipokea. Zilikuwa na ladha ya mawese na kutu, ladha niliyoizoea. Akaanza kutoa gurudumu. Hapo ndipo bibi mmoja alipoteremka kutoka mlimani, kapu la maharage kichwani. Hatukumjua.

Salamu ya kwetu Buha si neno la kutupiana mkipishana. Unasimama. Unapiga makofi taratibu. Unaulizwa nyumbani, watoto, shamba, mvua, na wewe unauliza vivyo hivyo. Bibi akatua kapu, akapiga makofi, "Mwakeye." Baba naye, mikono yote myekundu kwa mawese, akapiga makofi, akajibu. Wakaulizana yote yanayoulizwa. Kisha bibi akanigeukia.

"Na wewe, mama, mwakeye?"

"Mm," nikasema.

Akasubiri. "Huyu mtoto hasemi?"

"Anasema," alijibu Baba akiwa ameinamia mnyororo. "Anasema sana."

"Basi nimemkosea nini, mbona hanijibu?"

Nyie mliolelewa huku mnajua nilikuwa kwenye shida gani. Mtoto asiyejibu salamu ya mtu mzima haaibiki peke yake, anaaibisha nyumba nzima, na dada yangu aliwahi kurudishwa mbio barabara ndefu kwenda kumsalimia mtu aliyempita. Na kutema kitu mbele ya mtu mzima, mbele ya bibi mwenye kapu na mvi, hilo ni tusi kubwa kuliko kunyamaza. Siwezi kujibu, siwezi kutema. Nikafanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu akiwa na tonge mdomoni. Nikameza, nikajibu.

Nilijibu vizuri sana. Nilipiga na makofi. Bibi akafurahi, akasema nimelelewa, akanibariki, akajitwika kapu lake akaenda zake.

Baba akanyoosha mkono bila kunitazama. "Nati."

Nikampa moja, iliyokuwa imebaki kwenye shavu.

"Nyingine."

Nikatazama nyasi.

"Yustina. Nyingine."

"Baba, imeenda na salamu."

Akageuka. Akanitazama mdomo, akanitazama koo, akashuka hadi tumboni, kama anaifuata kwa macho. Kisha akakaa chini barabarani. Nilingoja kofi. Halikuja. Alitazama jua lilipofika, akauliza kwa sauti ndogo, "Inauma?"

"Haiumi. Ni baridi tu."

"Mungu wangu," akasema, na akanyanyuka. Nati iliyobaki akaifunga upande wa mnyororo, kwa sababu upande huo ndio unaovutwa. Upande wa pili akaufunga kwa zile kamba za mpira zilizokuwa mgongoni kwangu, akazungusha, akakaza kwa meno, akazungusha tena. Gurudumu la tambarare akalining'iniza begani mwake. Tukaanza kupanda, gurudumu limelala upande mmoja, linasugua fremu kwaru, kwaru, kwaru. Kila baada ya hatua chache mpira unalegea, Baba anateremka anakaza, mimi nimekaa palepale juu ya keria, kwa sababu mimi ni uzito. Juu tukamkuta Melkiori kwenye jiwe lake. Alitutazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mshushe huyo mtoto nimpakie juu ya ndizi."

"Bila yeye sifiki," alisema Baba, akipumua kama mvukuto.

Kileleni hapakuwa na muda wa kufungua na kufunga upya ile mipira. Kwa hiyo ile tambarare yote hadi Kabanga tuliipita kwa gia ya mlima. Sijawahi kuona miguu ya mtu ikizunguka vile. Baba alikanyaga, alikanyaga, na nyumba za pembeni ya barabara zilikaa palepale. Wanafunzi waliokuwa wanatembea walitupita. Mmoja alirudi nyuma akatuuliza kama tunahitaji msaada. Kofia ya Baba ilianguka na hakusimama kuiokota, nami nikajua kwamba mambo ni mabaya, kwa sababu aliipenda kofia ile.

Tulimkuta daktari anavua koti. Baba alisimama mlangoni, gurudumu begani, pumzi imekata.

"Daktari. Mguu," akasema. "Na tumbo."

"Tumbo limefanya nini?"

"Amemeza nati."

"Nati ya nini?"

"Ya gurudumu la mlima."

Daktari alimtazama nesi, nesi akatazama dirishani. Lakini alivaa koti lake tena. Akanitembeza kutoka mlangoni hadi dirishani, akanirudisha, akaniambia nitembee kwa vidole, kisha kwa visigino, akakunja unyayo huku na huku, akapiga goti kwa kidole. Akaandika. Kisha akaniambia niende na nesi nikapigwe picha ya tumbo, na yeye na Baba wakabaki ndani, mlango ukafungwa.

Picha ilipotoka nesi aliiinua kwenye mwanga, na nati yangu ilikuwa pale, safi, na tundu lake katikati. Akaniambia nile ugali na ndizi mbivu, itatoka yenyewe. Sikumwamini. Nilijua wakubwa wanaanza kukubembeleza kabla ya kukupasua. Nilipomwona Baba anatoka, kichwa wazi, ametazama sakafu, mdomo umefungwa kama mtu aliyepewa habari za msiba, nikamshika shati.

"Baba, nitapasuliwa?"

"Hupasuliwi."

"Hata tumbo?"

"Hata tumbo."

Nesi alitupatia waya, Baba akaufunga mahali pa nati, tukaondoka. Njia nzima ya kurudi alinyamaza. Baba ambaye alikuwa akipita kichuguu anakisemesha. Nikaelewa kwamba ana hasira. Nimemeza nati yake, nimempotezea kofia, nimemfanya achekwe na wanafunzi, na sasa anatafuta maneno ya kuniambia.

Tulifika chini ya mlima, upande huu wa pili. Gurudumu la mlima lilikuwa tayari mahali pake, hapakuwa na kitu cha kubadilisha. Hata hivyo akasimama.

"Shuka," akasema.

Hakuwahi kuniambia neno hilo. Nilimkumbusha, "Gurudumu litateleza, Baba."

"Acha liteleze. Shuka utembee."

Nikashuka. Nimefukuzwa kazi. Niliwaza atamchukua nani badala yangu, nikaona atamchukua mdogo wangu Butoyi, ambaye alikuwa mnene na hajui hata spana. Uchungu ulionipata hapo sijui kuueleza. Baba akasema, "Tangulia," nami nikatangulia, nikilia kimyakimya, na sikufuta machozi ili asione mkono wangu ukienda usoni. Nyuma yangu nilisikia baiskeli inasukumwa, mnyororo unalia polepole. Nilipanda kwa hasira. Nilipanda mlima ule wote bila kusimama, na goti halikulegea hata mara moja, ila sikuligundua hilo, nilikuwa na shughuli ya kulia.

Kileleni Baba akaniuliza, "Umechoka?"

"Sijachoka," nikasema, kwa kiburi cha mtu aliyeonewa.

Akatazama barabara tulikotoka. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alilaza baiskeli kwenye nyasi, na lile gurudumu jingine juu yake, akaviacha pale. Baiskeli ambayo hata kanisani aliifunga kwa mnyororo kwenye mti na kukaa benchi la mlangoni ili aione. Akanishika mkono.

"Turudi chini," akasema. "Tupande tena."

Hapo nikajua hasira yake haina mwisho. Tukateremka hadi chini kabisa, tukageuka, tukaanza upya. Sasa hakuniambia nitangulie, alitembea pembeni yangu, mikono nyuma, hatua kwa hatua. Katikati akatukuta Melkiori akirudi kutoka mjini, baiskeli tupu.

"Mzee Gia, baiskeli iko wapi?"

"Iko juu."

"Na nyie?"

"Tunapanda."

"Mlisahau nini chini?"

"Hatujasahau kitu," alisema Baba, na hakusimama kupiga makofi wala kuuliza habari za nyumbani. Kabla hatujafika kijijini watu walikuwa wameshaambiwa kwamba gia zimempanda Mzee Gia kichwani.

Nyumbani nilimkimbilia Mama nikamshtakia yote: kwamba Baba amenifukuza kazi, na kwa sababu ya nati moja ameniadhibu, amenipandisha mlima mara mbili kwa miguu. Mama alimtazama Baba. Baba akamwambia maneno machache kwa Kiha, akiwa amegeukia ukuta. Mama akakaa chini palepale alipokuwa, mwiko mkononi, akacheka, akacheka sana, halafu akajifunika kanga usoni na mabega yakaendelea kutikisika. Nilikasirika. Nilikwenda kulala bila kuwaaga.

Nati ilitoka siku ya tatu. Baba aliiosha kwa majivu na kuifunga mahali pake, na kwa kuwa hapa ni mahali pa chakula sitaongeza. Ila juma lililofuata alimpa Melkiori lile gurudumu la mlima, bure, na Melkiori asijue la kulifanyia, akaliegesha bandani, kuku wakawa wanalala juu yake. Nilipita pale kila siku nikienda shule, nikaliona, na kila siku moyo uliniuma upya. Kuanzia hapo tukifika mlimani nilishuka kama abiria wengine. Mguu ulikuwa umepona, hilo niliambiwa na nikalielewa. Lakini nilikua nikiamini kwamba siku ile nilipoteza kitu, na kwamba Baba aliniadhibu kwa ajili ya nati. Mtoto akishaelewa jambo vibaya analitunza vizuri.

Miaka ilipita. Nikaolewa, nikazaa. Asubuhi moja mtoto wangu wa kwanza alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua zake za kwanza, akanifikia magotini. Nami nikamwinua, nikamrudisha hadi kitandani, nikamsimamisha, nikamwambia aje tena. Alipokuwa katikati ya chumba, mikono juu, nilisimama nikashika ukuta.

Mwezi huo nikaenda kumwona Baba. Sasa ni mzee, haendeshi tena, akitaka kwenda mjini anabebwa na bodaboda na anamlalamikia kijana wa watu kwamba anabadilisha gia vibaya. Nilimkuta uani. Nikapiga makofi, nikauliza habari zote zinazoulizwa. Halafu nikamuuliza siku ile, mwaka ule wa nati, kwa nini tulipanda mlima mara mbili. Alikunja uso, akatafuta. Hakuwa na habari kwamba kuna mtu aliwahi kuona ni adhabu.

"Ile ya kwanza sikuiona vizuri," akasema. "Nilikuwa nasukuma baiskeli."